Mguu wa Mtawa wa Mjambere

Ombi liliingia asubuhi kwenye kundi la mtaa: yule mtawa wa Kibudha aliyepanga chumba cha uani kwa Bi Mkubwa hapa Mjambere ana kidonda cha sukari mguuni. Asipopasuliwa wiki hii, mguu utakatwa. Michango itumwe kwa simu ya Bi Mkubwa.

Nilisoma mara mbili. Mtu katoka Sri Lanka, hana jamaa hapa, anakula anacholetewa na majirani, na dini yake inamkataza kushika pesa. Asiyeshika pesa anachangiwa pesa? Na kwa nini zipitie kwa mwenye nyumba wake? Niliuliza hayo kundini. Mchango ukakwama pale pale.

Alasiri nilikwenda kujionea. Bi Mkubwa alikuwa barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umekuja kumtazama mwizi?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Haya, pita ukamkague."

Mtawa alikuwa ameketi kitandani amejitanda shuka lake la kitawa la rangi ya machungwa, mguu juu ya mto. Pembeni palikuwa na sahani ya wali na samaki, haijaguswa. Shaka ikanizidi.

"Mbona hali?"

"Ikishapita adhuhuri hali mpaka alfajiri," Bi Mkubwa alijibu kutoka mlangoni. "Saumu iliyopinduliwa. Jirani namwambia kila siku, naye kila siku aleta saa hizi. Wajukuu zangu wamenenepa."

Nilitoa noti nikamnyoshea mtawa. Hakuinua mkono. Aliitazama, akanitazama, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kujaribiwa hivyo na wengi. Lakini harufu ya mguu ule haikuwa ya kuigiza.

"Waona?" alisema Bi Mkubwa. "Na mie mwanamke, haruhusiwi kunigusa; hata chai haipokei mkononi mwangu, mpaka niiweke juu ya kitambaa. Sasa hizo pesa nani azipokee, paka?"

"Mtu mwingine. Asiye na lake hapa."

"Wallahi umesema. Basi ni wewe."

Kabla sijafika kwetu alikuwa ameshaitangaza nambari yangu kundini. Maneno yakaanza.

"Huyu si ndiye aliyepinga? Kumbe alizitaka mwenyewe!"

"Tangu amalize chuo hana kazi. Tuangalie jamani."

Nilikasirika, ingawa kwa haki hata mimi nisingejiamini. Nilimjibu kila mmoja. Walituma kidogo kidogo, kila mchango na swali lake, nami nikazipeleka pesa zote hospitalini siku ileile zilipotimia.

Alipasuliwa. Daktari alitoka akatuambia vidole viwili vimekwenda, mguu umebaki. Bi Mkubwa alisema alhamdulillahi, akaniagiza niwajulishe watu. Niliandika. Jibu la kwanza likaja: "Tuma picha." La pili: "Ya mguu, si ya jengo."

Ningeuliza vilevile. Lakini nikiwa pale kando ya kitanda, simu mkononi, nilishindwa kumwomba mtu aliyetoka kupasuliwa anionyeshe kidonda. Sikujua hata nianze kwa lugha gani. Mtawa aliitazama simu. Kisha akalivuta shuka la hospitali mwenyewe, polepole, mpaka bandeji yote ikawa wazi.

"Piga," alisema.

Nilirudi hatua moja nyuma ili na uso wake uonekane, wasije wakasema ni mguu wa mtu mwingine.