Ngoma Iliyokunywa Masika

Siku yangu ya kwanza Kasulu, mwaka 2012, Mhifadhi Mkuu wa makumbusho hakunionyesha hata kiti. Alinikabidhi kipima unyevu, kidude kama saa kinachoonyesha hewa imebeba maji kiasi gani. "Mama Saumu," akasema, "bosi wako ni huyu. Mimi nasaini tu."

Mimi mzaliwa wa Lushoto nilidhani ukungu wa asubuhi naujua. Thubutu. Wa Kasulu uliingia ndani kama mwenye nyumba, na mhudumu wetu alikuwa akiufungulia madirisha alfajiri, eti vyumba vipate hewa. Nikapiga marufuku. Tukawa tunafungua mchana, nje kukiwa kukavu kuliko ndani, na kabatini tukaweka vifuko vya chembechembe zinazofyonza unyevu.

Kilichoninyima usingizi ni ngoma ya Mzee Bihama wa Heru Juu. Ilikuwa ya babu yake, katuazima. Masika moja akaja, akaigonga kwa kidole, ikatoa sauti nzito isiyofika mlangoni.

"Mnaiua humu," akasema. "Nipeni niipashe moto."

Wapiga ngoma wote huko hupasha ngozi moto kabla ya kucheza, na ngoma ya kila siku haidhuriki. Lakini mti wa ngoma ile kongwe ulikuwa umekunywa unyevu msimu mzima. Joto la ghafla lingekausha nje, ndani bado kumelowa, ukapasuka. Mhifadhi Mkuu akaninong'oneza nimpe tu, tusigombane na wenyeji. Niliogopa, sifichi: nikikosea, tumempoteza mzee na ngoma yake.

"Mzee wangu, mbegu ya maharage unaikausha motoni?"

"Haitaota."

"Basi niachie mpaka kiangazi."

Nikaikausha polepole, nikibadilisha vifuko kila vikishiba maji. Kiangazi akaigonga tena, ikaitika mpaka barabarani. Mzee akafuta macho kwa kofia. Na mimi nililia.

Nilipostaafu mwaka 2015, Mhifadhi Mkuu alishahamia Kibondo, akaja kuniaga. Mzee Bihama akaja na wapigaji wake, wakitaka ile ngoma itolewe uani nipigiwe. Nje manyunyu. Wote wakanigeukia. Nikakitazama kipima unyevu, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Haitoki," nikasema.

Mzee akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Huyu mama ana uchungu nayo kuliko mimi mwenyewe." Akaagiza madumu ya maji yaletwe, wakayapiga hayo.

Basi, vijana wangu, mimi niliagwa kwa madumu. Na nilicheza mpaka kanga ikanidondoka.