Kikuba na Kuba

Mtoto amekanyaga asumini sebuleni, na harufu ya maua yaliyopondeka imenirudisha Sur, mji wa Kiarabu tulikohamia, kwenye uwanja wa makumbusho.

Ilikuwa Idi. Kila mtaa ulileta mtende mchanga uliopambwa, watu wapite watazame. Mama, mzaliwa wa Unguja, aliuvisha wetu makoja ya asumini, na kila kuti akalifunga kikuba, kile kishada cha maua na mrehani ambacho wanawake hujipachika kifuani.

Mzee wa mtaa wa pili, asiyejua Kiswahili, akamuuliza kwa Kiarabu kile ni nini.

"Kikuba," mama akamjibu.

Yeye, kwa Kiarabu chake, akasikia kuba, ile inayojengwa juu ya kaburi.

"Mnapamba makaburi siku ya Idi? Washirikina nyinyi mliotoka Zanzibar."

Akauvamia mtende kwa bakora. Asumini zikaruka, makuti yakavunjika. Mama akajitia kati kuuokoa, bakora ikampasua juu ya jicho, damu ikachuruzika hadi kwenye kanga yake mpya. Baba akamkamata mzee ndevu, akambana ukutani, jambia limeshatoka, ncha iko kooni. Hakuna aliyethubutu kusogea.

Mama akawafikia, jicho moja limezibwa na damu. "Baba watoto, huyu hakunipiga mimi. Kapiga kuba aliyoisikia. Utaua mtu kwa neno?"

Baba akamwachia. Namshukuru Mola kwa subira ile. Alitaka kulirudisha jambia, lakini akaikosa ala, akaikosa tena, mpaka mama akamshika kiganja, wakalichomeka pamoja.