Nilipokuwa Mzee wa Baraza

Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini nilipofanywa mzee. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kesi ya mauaji pale Nyeri haikusikilizwa na jaji peke yake. Aliketi na raia watatu walioitwa wazee wa baraza, nao kazi yao ilikuwa kusikia ushahidi wote, kisha kumwambia jaji wanavyoona. Chifu wetu aliombwa apeleke jina la mtu. Mimi nilikuwa muuza viazi wa soko la Karatina, tena mwenye mdomo, na nadhani alinipeleka mimi ili apumzike.

Basi nikaazima koti la mume wangu, nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda. Mnielewe: nyumbani nilikuwa na watoto, ng'ombe na mama mkwe. Kukaa kwenye kiti chenye mto asubuhi nzima bila mtu kuniuliza chumvi iko wapi kulinilevya kabisa. Jaji alivaa zile nywele za bandia za farasi, na kila alipopiga chafya zilimteremkia hadi kwenye nyusi. Niliuma ulimi nisicheke. Wenzangu wawili, wazee wa kweli wenye mvi na fimbo, walinitazama kama kuku aliyeingia kanisani.

Kesi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Mlinzi wa kiwanda cha kahawa upande wa Mukurweini alikuwa ameuawa kwa panga, na vijana wawili walisimama kizimbani pamoja. Ambaye angeonekana na hatia angenyongwa, hakukuwa na adhabu nyingine. Wa kwanza alikutwa na koti la marehemu na panga lenye damu, na alikuwa amekiri mbele ya hakimu kwamba walikwenda wawili, yeye na jirani yake. Huyo jirani ndiye alikuwa mshtakiwa wa pili, naye alikana. Juu yake hakukuwa na kitu kingine, ila kwamba polisi walipofika walimtoa kwenye ghala la mama yake, amejifunika maganda ya mahindi. Mama huyo alikaa benchi la mbele kila siku, macho yake yakiruka kutoka kwa jaji hadi kwetu.

Ushahidi ulipokwisha, jaji alitueleza sheria kupitia kwa karani mkalimani. Kila mshtakiwa apimwe peke yake, alisema, hata kama kizimba ni kimoja. Maneno ya mshtakiwa mmoja dhidi ya mwenzake ni ushahidi dhaifu, maana pengine anatafuta wa kuanguka naye. Yanaweza kuuongezea nguvu ushahidi mwingine uliopo, lakini hayawezi kuwa msingi. Nikafurahi hadi nikajipiga paja. Sokoni kwetu, debe la viazi likishajaa, unaongeza vichache juu hadi visimame kama kilima, mnunuzi aridhike. Lakini hakuna mwendawazimu anayeanza na vile vya juu wakati debe liko tupu.

Tulipewa saa ya chakula tufikirie. Wazee walinipeleka kwenye hoteli ya nyama choma, na yule mkubwa akaagiza mbavu za mbuzi. Wao walikubaliana kabla chumvi haijafika mezani: walioshtakiwa pamoja ni wa kunyongwa pamoja, na asiye na kosa hajifichi. Mimi nilikuwa nakula. Nyumbani mbavu huenda kwa wanaume, na siku hiyo niliona Mungu amenikumbuka. Nilichosahau ni kwamba kwetu ukila nyama ya baraza umekubali neno la baraza.

Tuliporudi, mzee mkubwa alisimama, akajiegemeza kwenye fimbo.

"Sisi tumeongea, tuko sauti moja," akasema. "Hawa wote wawili waliua."

Jaji akamjibu kwamba hakuomba sauti moja, anataka ya kila mtu. Mzee wa pili akasimama akarudia yaleyale. Ikawa zamu yangu. Kicheko kikanipanda, kile kinachomjia mtu mazishini.

"Wa kwanza, ndiyo," nikasema. "Wa pili, hapana. Juu yake niko na maneno ya mwenzake tu, na chini hakuna kitu."

"Huyu mama amekula nyama yetu," mzee akasema bila kuulizwa.

Karani akatafsiri, ndiyo kazi yake. Jaji akaniuliza kama ni kweli.

"Nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa."

Mahakama nzima ikacheka, hata askari. Jaji alijificha nyuma ya karatasi zake, nywele zikitikisika. Alipotoka huko akaniuliza juu ya yale maganda ya mahindi. Nikamwambia kwamba kijijini kwetu, tangu miaka ya hali ya hatari ya mkoloni, gari la polisi likipanda mlima hata mzee wa kanisa huingia chini ya kitanda, na hajaua mtu. Mzee mkubwa akakohoa.

Jaji hakulazimika kutufuata. Siku ya hukumu alianza na wa pili, akasema ushahidi dhidi yake hautoshi, aende nyumbani. Kijana hakusogea hadi askari alipomgusa bega. Hapo mama yake akapiga kigelegele. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa wanawake hupiga vigelegele vitano, naye alikuwa anamzaa upya mbele ya serikali. Sauti ilimkatika kwenye cha pili. Nikaruka kutoka kitini, na koti langu la kuazima, nikakidaka cha tatu, na wanawake wote wa mle ndani wakaitika. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku nilizozaa mwenyewe.

Jaji alingoja tumalize. Kisha akamgeukia wa kwanza amsomee kifo, na ndipo nikamwona mama wa huyo, benchi la nyuma. Naye alikuwa ameitika pamoja nasi hadi cha tano.