Gari Lililotulia Boneti Ikiwa Wazi

Katika ukoo wetu mzima, mtu anayejua magari ni mimi. Kuendesha siendeshi, hilo ni jambo jingine. Leseni inataka kusomasoma, na mimi na kusoma tulipeana mikono darasa la sita tukaachana kwa amani. Lakini sikio ninalo. Gari likipita barabarani nimelala chumbani kwangu, nakwambia plagi ipi imechoka, na hakuna aliyewahi kunithibitishia kwamba nimekosea.

Kwa hiyo shemeji yangu alipobadilisha injini ya gari lake, nilikaa nikisubiri kuitwa. Sikuitwa.

Huyu shemeji ndiye aliyemwoa dada yangu mkubwa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa pampu kwenye mitambo ya maji, akastaafu, na mwaka uliofuata dada akatutoka. Mimi humwita Bwana Nukta, kwa sababu akisema neno moja anaweka nukta. Dada ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya wote wawili. Sasa ile nyumba ya vyumba viwili imekuwa kimya hadi unasikia bomba la jikoni likidondosha matone. Nakaa mtaa wa pili kutoka kwake. Kwenda nilikuwa nakwenda, ila mtu mwenye shughuli kama mimi haendi kila siku. Wala kila mwezi, tukisema kweli.

Gari lenyewe ni la bluu, la zamani, viti vimevishwa mashuka aliyoyashona dada kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia. Injini yake ilipokufa, shemeji alitafuta nyingine ya mtumba, akaishusha ndani kwa mnyororo aliouning'iniza kwenye boriti ya banda lake la mabati. Peke yake. Injini ina uzito wa ng'ombe, naye ni mwembamba kama ufito.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Sailensi, yaani ule mngurumo wa gari lililosimama bila mtu kukanyaga mafuta, ilikuwa juu mno. Na ilikuwa na visa. Boneti ikiwa wazi, injini inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Ukiifunga tu, inapiga kelele kama inataka kuruka ukuta. Fungua uangalie, kimya. Umewahi kuona mgonjwa anayepona kila akimwona daktari? Basi ndiye huyo.

Ningemwacha ahangaike nayo hadi uzeeni, isipokuwa binti yao alinipigia simu. Binti huyu anaishi mbali, safari ya kutwa nzima. Alipojifungua, baba yake alimwahidi kwamba atakuja kumwona mjukuu kwa gari la mama. Mtoto akakaza shingo. Akakaa. Sasa anatambaa, na babu bado kichwa kiko chini ya boneti. Tena mume wa binti amehamishiwa kazi ng'ambo, wanaondoka Jumatatu, na hawarudi kabla ya miaka mitatu.

“Mjomba,” akaniambia, “mwambie baba apande basi. Usimwambie nimelia.”

Nikaenda Ijumaa mchana. Jikoni kwenye kichanja palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, vimepangwa kwa nidhamu kama askari waliosahauliwa zamu. Kiti cha dada kilikuwa bandani, juu yake amepanga spana. Nilimpa ujumbe wa basi, na huo wa kulia nikampa pia, maana mimi siri hainikai. Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Akasema kwamba mama yake binti, kabla hajatutoka, alisema watakwenda na gari hili.

Mama yake alisema. Na mwenye kusema hayupo, utabishana na nani?

Basi nikaanza kumfundisha. Nikamwambia ni plagi. Akanionyesha plagi, mpya zote. Nikamwambia ni mipira ya hewa, kuna mahali injini inanyonya upepo kwa wizi. Amebadilisha yote, na kwenye maungio amepaka maji ya sabuni aone kama yanavutwa ndani. Gasketi, zile za kuziba maungio, ameweka mpya. Skrubu ya sailensi ameizungusha hadi imelainika. Mtu huyu alikuwa ametenda kila nililojua na mengine ambayo siyajui, ila sikumwonyesha. Nilitikisa kichwa kama profesa, na kwa kuwa kiti pekee kilijaa spana, nikaingia kwenye gari nikakaa nyuma ya usukani, nikaweka mguu juu ya akseleta kwa uvivu tu.

Akawasha kwa kupitisha mkono dirishani, akarudi mbele. Boneti ilikuwa wazi, simwoni. Mara nikaona mkono umeinuka pembeni ya boneti, kidole kimoja juu.

Kidole kile nilikifahamu. Enzi zile kila Jumapili alikuwa akiinama kwenye injini, na dada akikaa pale nilipokaa mimi. Kidole kimoja: kanyaga kidogo. Viwili: ongeza. Ngumi: achia. Dada alikuwa akilalamika kwamba ameolewa na mkono. Sidhani kama shemeji alijua ameuinua. Ulijiinukia wenyewe, kwa mazoea, kwa sababu kulikuwa na mtu kwenye kiti.

Nikakanyaga kidogo. Mkono ukakaa hewani, kama umeshtuka. Halafu vidole viwili. Nikaongeza. Halafu ngumi, nikaachia, mguu ukabaki umegusa pedali. Akaifunga boneti.

Injini ikapiga kelele, na chini ya kiatu changu pedali ikalegea. Kabisa, kama uzi wa kuvulia samaki uliokatika. Mimi si mtu wa kuogopa, lakini nilitazama kiti cha pembeni. Hapakuwa na mtu, ila lile shuka la dada.

“Shemeji,” nikasema, na sauti yangu haikuwa ya profesa, “umefunga hapo, pedali imelegea huku.”

Akaniuliza kama nina hakika. Kila akiingia garini boneti imeshafungwa na pedali imeshalegea, kwa hiyo alidhani ndivyo ilivyo kwa injini hii. Akafungua tena. Pedali ikakaza. Nikashuka, tukaufuata waya wa akseleta kwa vidole hadi kwenye kono linalofungua hewa ya injini. Kwenye kono lile palifungwa kamba ya nailoni, nyeusi kwa oili, imelala kati ya waya na mipira kama mmoja wao, ikapita juu ya betri hadi upande wa pili ilikofungwa. Boneti ikishuka inaikandamiza katikati, nayo inavuta kono.

Nilitaka kucheka. Nilishajiandaa kumuuliza ni mwendawazimu gani amefunga kitu hicho.

“Niliifunga mimi,” akasema. “Siku ya kwanza. Nikaisahau.”

“Ya nini?”

“Nisikilize huku, nivute huku.” Akaishika ile kamba bila kuifungua. “Sikuwa na mtu wa kukanyaga.”

Mtaa wa pili. Natembea dakika sita, nne nikiwa na njaa.

Nikamwokotea shemeji kisu kati ya spana. Akaikata, akafunga boneti. Gari likanguruma taratibu, likaendelea hivyo, na sote tukasimama tukilisikiliza kama watu wanaosikiliza redio.

Asubuhi ya Jumamosi nilifika mapema. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lenye alama za pasi. Akafungua mlango wa pembeni, akasema, “Kiti kipo.” Nikamwambia siku hiyo nina watu wanakuja kutaka ushauri wangu. Hakuna aliyekuja, wala sikuwa nimemwalika yeyote. Niliona tu kwamba shuka lile halijakaliwa tangu dada atutoke, na mimi ni mzito.

Akaondoka. Kwenye kona alisimama kupisha baiskeli, na kutoka nilipokuwa nilisikia sailensi, imetulia, safi. Mkono ukatoka dirishani. Nilidhani ataupunga. Akakunja ngumi.

Nikajikuta pale barabarani, peke yangu, nimenyanyua mguu wa kulia.