Mashine ya Alizeti ya Ndalambo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika tawi la Tunduma la kampuni yetu ya mikopo midogo, Msimamizi wa Mikopo alinikabidhi pikipiki na onyo moja: "Dada, usile ugali kwa mkopaji. Ukishakula kwake, utashindwa kumdai." Nilicheka, nikidhani ananitania.

Ninyi mnaokopa kwa simu hamjui kikundi kilikuwa nini. Wanawake watano walidhaminiana. Mmoja akikwama, wanne wanamlipia. Marejesho yalikuwa kila Jumatatu, kuanzia wiki ya pili tu baada ya kupokea fedha. Muuza vitenge wa Tunduma aliyamudu, maana anauza kila siku. Lakini wakubwa wakapeleka utaratibu huohuo kijijini Ndalambo, kwa watu wanaovuna mara moja kwa mwaka. Aliyeupanga sidhani kama aliwahi kushika jembe.

Huko nilimkopesha Mama Neema. Kwa mkopo huo, yeye na mumewe walinunua mashine ya mkono ya kukamulia alizeti. Mafuta yao yakapendwa, na majirani wakaacha kuwauzia madalali mbegu kwa bei ya kutupa. Hayo ndiyo maendeleo tuliyoyahubiri kwenye semina. Kisha alizeti ya mwaka ule ikaisha kijijini, mashine ikalala, na Mama Neema akakosa Jumatatu mbili.

Nilimwomba Meneja wa Tawi tumsubiri hadi mavuno, miezi miwili tu.

"Msimu si kazi yetu," alisema. "Fungia kikundi kizima. Asitoke mtu mpaka hela itimie."

Nilifunga. Sitamsingizia mtu, mkono uliotia kufuli kwenye godauni la kijiji ni wangu. Ndani walikuwa wote watano, na vichanga vyao. Ilipofika saa nane mchana wale wanne walisema niwafungulie, wanajua pa kupata hela. Nikawafungulia. Wakaenda moja kwa moja nyumbani kwa mwenzao, wakabeba mashine, wakamuuzia dalali, na hela wakanikabidhi mimi.

Mama Neema hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Sasa dada, mwakani tutakula nini?"

Niliwasha pikipiki nikaondoka. Hasira yangu niliipeleka ofisini, ikaishia mdomoni, sikuacha kazi, kwa sababu nami nilikuwa na mshahara wa kulinda. Huo si uvumilivu, ni woga, na unanikera hadi leo.

Siku nilipostaafu, Meneja alisimama akatangaza kwamba Ndalambo hapakubaki deni hata moja. Ni kweli. Na mashine pia haikubaki. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.