Anayegonga Tumboni mwa Mashine

Fundi alianza kwa kukosea, na kosa lake lilikuwa la mtu aliyezoea kufunga kila kitu kwenye kitu kingine. Alichukua bomba la alumini, akalikunja kama shingo ya korongo, akalibana kwa klampu kwenye ubavu wa mashine ya gololi, kisha akatundika kamera kwenye ncha yake ili itazame uwanja wa mchezo kutoka juu. Binti yake alivuta springi, gololi ya chuma ikapanda, ikaanza kuruka huku na huku kati ya kengele na taa, naye akiirudisha juu kwa mabawa mawili madogo yanayoendeshwa kwa vitufe. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Lakini alipoisukuma mashine kwa nyonga, kama anavyofanya mchezaji yeyote asiyetaka gololi yake itumbukie shimoni, picha kwenye kompyuta ikarukaruka kama imepanda punda mwenye kichaa. Papo hapo mashine ikazima taa zake zote, ikakata mchezo.

"Baba, watazamaji watatapika."

"Watatapikia kwao. Mimi sipigi deki."

Alijibu hivyo, lakini aibu ilimshika. Ndani ya kila mashine ya namna ile huning'inia timazi ndogo. Mchezaji akiisukuma mashine kupita kiasi, timazi hugusa pete ya chuma inayoizunguka na mchezo unakufa. Fundi ndiye aliyezirekebisha timazi hizo tangu ujana wake. Sasa yeye mwenyewe alikuwa ametundika mzigo ubavuni mwa mashine, akaipotosha timazi.

Zamani hakuna aliyehitaji kamera. Mtu aliyetaka kuona mchezo alikwenda ukumbini, akasimama nyuma ya mchezaji, akanusa jasho lake, akapigwa kiwiko, akacheka. Ukumbi ulikuwa wa mke wa fundi. Watu walimwita Mama Kengele, na walimwogopa kuliko polisi. Waliojifunza kuhesabu kwa kutazama alama zikipanda kwenye mashine zake ni wengi, na leo baadhi yao wana vitambi na magari, wakipita pale hawageuzi hata shingo. Ukumbi sasa ni duka la vioo vya simu. Mashine zilitawanyika, moja kwenye gereji ya mtu, nyingine kwenye sebule ya mjane, nyingine chini ya turubai ikinyeshewa. Mama Kengele alibaki na moja tu, akaileta sebuleni. Kabla mwaka haujaisha, akafariki.

Wazo la kamera lilikuwa la binti. Alitaka kitu kinachokunjwa na kuingia kwenye begi moja, akibebe mpaka kwenye gereji na sebule hizo, akisimamishe kabla chai haijachemka, na kurusha mchezo moja kwa moja ili wapenzi wa gololi waliotawanyika wauone popote walipo. Fundi aliona ni upuuzi. Kutazama mchezo peke yako, kwenye kioo kisichozidi kiganja, kwake ilikuwa sawa na kula kwa kunusa. Lakini binti alikuwa ndiye mtoto pekee, na tangu msiba hawakuwa na la kuzungumza zaidi ya chumvi na umeme.

Basi akaanza upya. Safari hii kifaa kilipaswa kusimama kwa miguu yake chenyewe, kisiguse mashine hata kidogo. Akazunguka nyumba akitafuta mabomba mepesi yanayorefushwa na kufupishwa. Aliyapata nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Binti aliporudi kazini alikuta miguu minne ya alumini imelazwa sakafuni, mipira ya chini bado inayo vumbi la hospitali.

"Baba. Hii si fremu ya mama ya kutembelea?"

"Ilikuwa."

"Huna hata haya?"

"Haya ya nini? Yeye haitaki tena. Na tazama vitundu hivi, unabonyeza kipini, mguu unarefuka. Aliyetengeneza hii alikuwa na akili kuliko mimi."

Binti alikaa kwenye kiti, akaitazama sana. Mwishowe akauliza kamera ya pili itakaa wapi.

Walifanya kazi pamoja jioni hiyo na zilizofuata. Waliunganisha mabomba mawili marefu juu ya fremu, wakaweka bawaba katikati ili yakunjike, na nati zenye masikio ili yafungwe kwa vidole bila spana. Kamera moja ilitazama uwanja, nyingine ubao wa alama, ya tatu uso wa mchezaji. Taa waliielekeza darini, kwa sababu ilipomulika moja kwa moja, kioo cha mashine kiliakisi taa yenyewe na kuonyesha kila kitu isipokuwa gololi. Ikabaki sauti. Kelele za mtaani zilimeza kengele, kwa hiyo fundi akabandika kinasa sauti kidogo chini ya tumbo la mashine, kwenye ubao wenyewe, akavaa hedifoni kujaribu.

Gololi ilitumbukia. Mashine ikanguruma, ikaleta nyingine kwenye njia ya springi. Kisha ndani ya masikio yake, karibu kama pumzi, akasikia: ko, ko.

Akaibana hedifoni masikioni kwa viganja viwili.

Kabla ya kuvuta springi, Mama Kengele siku zote aligonga ubao wa mashine kwa pete yake. Ko, ko. Aliyemwuliza sababu alijibiwa kwamba hata mlango wa mtu hupigwa hodi.

"Kwani hii ni nyumba ya watu?" mteja mmoja aliwahi kumtania.

"Ina taa, ina kelele, na ina wanaokula bila kushukuru. Nyumba gani nyingine unataka?"

Hakuacha sauti yake popote. Mtu akimwelekezea simu, alifunika uso na kusema yeye si samaki wa kopo. Picha zilikuwepo mbili, zote amenuna. Sasa ubao ulikuwa ukigonga, palepale, kwa mwendo uleule.

Fundi hakuwa mjinga. Sikio lake lilijua mara moja kwamba bati linaloshika koili, ile sumaku ya umeme inayoleta gololi, limelegea, labda siku mashine ilipolazwa ubavu kuingizwa mlangoni, na kila koili inapovuta, bati linapiga ubao na kurudi. Skrubu mbili, bisibisi moja, kazi ya kumaliza kabla hujakohoa. Alijua pia kwamba akizikaza, ile ko, ko haitasikika tena duniani. Akavua hedifoni, akamwambia binti kwamba sauti iko safi.

Siku zilizofuata, binti akienda kazini, fundi alifunga mlango, akavaa hedifoni, akawasha mashine. Hakucheza. Aliiachia gololi, akaweka mikono mfukoni, akaitazama ikishuka mpaka shimoni ili nyingine iletwe. Ko, ko. Anaachia tena. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafundisha wengine wasiipoteze gololi, sasa alikuwa anaombea ipotee upesi.

"Baba, naona siku hizi unacheza," binti alimwambia, akisoma ubao wa alama. "Lakini mbona alama hizi hata kuku angezipata?"

"Nazoea."

"Unazoea kushindwa?"

"Hilo nimeshazoea. Nakaribia kuwa bingwa."

Binti akacheka, akamletea chai. Hakuona jinsi mzee alivyokuwa amekonda.

Maana ile sauti ilianza kubadilika. Hodi mbili zikawa tatu, kisha zikawa na mkwaruzo mwishoni, kama mtu anayegonga kwa kukata tamaa. Mchana mmoja fundi alinusa harufu ya vanishi ya nyaya iliyopata joto. Katika ukumbi wa Mama Kengele kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: mashine mgonjwa haichezwi. Inafunikwa shuka jeupe, toka kichwani mpaka miguuni, na hakuna wa kuigusa ila fundi. Hata kama ukumbi umejaa, hata kama bingwa amepiga magoti. Wageni waliingia wakadhani kuna maiti. Shuka hilo lilikuwa limekunjwa kabatini, na fundi alianza kulipita kabati akitazama upande mwingine. Usiku aliota mkewe yuko ndani ya mashine, si kwa kumtembelea, bali amefungiwa, na anagonga atolewe.

Jumamosi mchana waliirusha. Kile kifaa kilisimama juu ya mashine kwa miguu ya marehemu, imara, na binti aliposukuma kwa nyonga picha haikutikisika hata unywele. Watazamaji walikuja mmojammoja, wachache wasiotosha kujaza ukumbi wa zamani hata kona yake, wakaanza kuandika ujumbe wa matani. Binti alicheza huku akiusoma kwa sauti. Mmoja alisema mchezaji ana mikono ya mpishi. Mwingine akauliza kama fundi bado anawanunia watu.

Kisha binti akanyamaza.

"Soma basi," fundi akasema.

"Ni yule mteja wenu, mliyekuwa mkimwita Kobe." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anasema: jamani, nyinyi hamsikii? Huyo ni Mama Kengele anapiga hodi."

Ujumbe ukamiminika. Nami namsikia. Mwili umenisisimka. Mwacheni mama agonge. Binti aliacha mabawa ya mashine, gololi ikatumbukia bila mtu kuijali. Akachukua hedifoni kichwani mwa baba yake, akavaa, akasubiri gololi nyingine iletwe. Fundi alimtazama usoni, akaona hasa wakati ilipomfikia.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukanificha mimi? Mimi mtoto wake?"

"Ni bati, mwanangu. Bati la koili limelegea."

"Najua ni bati! Nimezaliwa chini ya mashine hizi." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Iache. Baba, nakuomba, kwa leo tu iache."

Fundi alitamani mno kusema sawa. Wawili sasa walikuwa wakiitaka sauti ileile, na hao wengine waliotawanyika kwenye vyumba vyao pia waliitaka. Ukumbi mzima ulikuwa umerudi na kusimama nyuma ya mashine moja. Lakini harufu ya vanishi ilikuwa imeshajaa sebuleni, na sasa aliinusa hata binti.

"Mama yako angefanya nini?" fundi akauliza.

Binti akajifuta uso. Kisha akasema, kwa kinyongo, "Angefunika shuka, akutukane."

"Matusi kumi na mawili kwa pumzi moja. Lete bisibisi."

Akachomoa umeme wa mashine. Akaondoa kioo, akainua uwanja wa mchezo na kuuegemeza kwenye kijiti chake, huku kamera ikiendelea kutazama mikono yake kutoka juu. Skrubu moja haikuwepo. Ya pili ilishikilia kwa meno mawili. Chini yake bati lilikuwa limetafuna nyaya hadi shaba ikawa wazi. Lingepiga mara chache tu zaidi na mashine ingewaka pale sebuleni, pamoja na mapazia. Mficha maradhi kilio humfichua, akajisemea. Akaifunga shaba kwa utepe, akatia skrubu mpya, akakaza. Alipofika mwisho alisita, bisibisi ikiwa bado kwenye mdomo wa skrubu, na kwenye kompyuta hakuna aliyeandika neno.

Akamalizia robo mzunguko iliyobaki.

Mashine ilipowashwa, binti akamrudishia hedifoni. Koili ikavuta, gololi ikaletwa kwa pigo moja kavu, safi, la kitu kilichopona. Fundi akangoja. Springi ikavutwa. Kengele zikalia, mabawa yakapiga, binti akacheza vizuri kuliko mwanzo, kwa hasira, meno ameyauma. Gololi ikatumbukia, nyingine ikaja. Kimya kilichokuja nayo kilikuwa kipana kuliko chumba.

Waliporusha mpaka mwisho, watu waliaga mmojammoja kama walivyokuja. Binti akazima kamera, akachomoa nyaya, akafungua nati zenye masikio, akaanza kuifupisha miguu ya fremu, kipini kwa kipini. Begi lilipojaa alimgeukia baba yake. Alikuwa bado ameketi kando ya mashine iliyozimwa, amevaa hedifoni, kichwa ameinamisha.

"Baba, nimeshachomoa."

"Najua."

"Sasa unasikiliza nini?"

Fundi akainua mkono, kama mtu anayemzuia mwenzake asivuke barabara.

"Ngoja kwanza," akasema.