Mbuzi wa Gicheru na Kiti cha Watiri

Mume wangu Gicheru alikuwa mtu wa kuchuna. Ukitaka kumjua, anzia hapo. Sisemi alikuwa na bucha. Hakuwa na kitu ila ekari tano tulizogawiwa Naro Moru mzungu alipofunga virago, na nusu ya hizo zilikuwa mawe. Alikuwa akiwachunia wazee. Kiama, yaani baraza la wazee wetu, kina ngazi, na kila ngazi ina mbuzi wake. Ukitoa mbuzi wa kwanza umeingia, lakini umeingia kama mtumishi: unatafuta kuni, unachuna, unachoma, unawapelekea wakubwa mbavu, kisha wewe unaachiwa shingo. Ukitoa wa pili, unakaa na kuletewa.

Gicheru alitoa wa kwanza mwaka ule wa bendera ya uhuru. Wa pili hakuwahi. Kila akipata mbuzi, kuna mtoto amefukuzwa karo. Nilimzalia tisa, na wote walikuwa na tabia mbaya ya kufaulu mitihani.

Kwa hivyo kulikuwa na mtu kama Mutahi, ambaye Gicheru alimjua akiwa bado anabebwa mgongoni, amekalia kigoda chake cha miguu mitatu akipiga kelele: "Gicheru! Hiyo figo iko wapi? Usiwe umeonja!" Na bwana wangu, mvi kichwani, anakuja mbio na figo kwenye jani. Akirudi nyumbani anasema hajali. Mtu asiyejali hagongi mlango namna ile.

Ndipo akanunua beberu. Beberu mweusi tititi, bila doa, kama mila inavyotaka. Akamfuga ndani ya nyumba yangu, si yake, na kazi yangu ikawa kumkatia majani ya viazi vitamu asubuhi na jioni. Mbuzi yule alinenepa hata ungeweza kuweka sufuria ya uji mgongoni mwake na isimwagike. Alikoroma kuliko Gicheru. Usiku mmoja nilimpiga kiwiko nikimwambia alale upande, mpaka nikashika pembe. Wageni wakibisha hodi, yeye ndiye aliyeitikia. Gicheru alimpenda mno. Alisema Agosti hiyo, mwaka wa sabini na nne, ikifika, beberu anakwenda kwa wazee, na Mutahi atafute mtu mwingine wa kumletea figo.

Barua ya Watiri ikaja Julai.

Watiri ni wa nne wangu, na wakati huo alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu huko Nairobi. Mimi na herufi hatujawahi kusalimiana, kwa hivyo niliipeleka barua kwa karani wa kituo cha maziwa. Karani akaisoma kwa sauti ya kanisani, foleni nzima ikasikiza.

Binti yangu alikuwa amechaguliwa kwenye kamati ya chama cha wanafunzi wa Nyeri walio chuo kikuu. Likizo ile ndefu yote kamati ingekaa Nyeri mjini, ikizunguka shule za Tetu na Othaya kufundisha watoto wa mtihani wasio na mwalimu wa hesabu. Kazi safi, ila haina mshahara. Wenzao wote chamani walikuwa wameshika kazi za likizo kwenye mabenki na maofisi, wanalipwa. Watiri alikataa kazi ya ukarani Nanyuki ili akae kwenye kamati, na sasa alikuwa analala katika chumba nyuma ya duka la Mhindi mmoja, Hasmukh, kodi hajalipa, chakula ni mkate na chai. Jumamosi ikifika kama hajapata wa kumsaidia, itabidi ajiuzulu, na kiti kiende kwa Kingori, aliyekuwa wa pili kwa kura. Kingori hakuhitaji msaada wa mtu. Babake alikuwa na kiwanda cha mbao na nyumba mbili mjini.

"Kwa hivyo ni kamati ya watoto wa matajiri," akasema Wachuka, jirani yangu, nyuma yangu na debe lake. "Wetu waitwe wakati wa kupiga makofi."

Nikarudi nyumbani nikamwambia Gicheru. Alikuwa anamchana beberu manyoya kwa kitana changu.

"Mama Watiri, unasema wamemuingiza kiama?"

"Kamati."

"Ni kitu moja. Wanakaa, wanaamua mambo ya watu. Ametoa mbuzi?"

"Hajatoa kitu. Anaomba apewe."

"Apewe!" Kitana kikaanguka. "Kiama gani inalipa mtu ndio akae? Mtu ndiye analipa ndio akae! Sasa naona. Msichana ameketi bure, na kiti ya bure inanyang'anywa. Kama angekuwa ametoa mbuzi, huyo mtoto wa mbao angeanzia wapi?"

Nikamwambia, baba Watiri, soko ni Jumatano, tuuze huyu mnyama anayenimalizia viazi, tumtumie mtoto pesa alipe chumba. Akaniangalia kama nimemwambia tuuze kanisa.

"Kiama hailipwi na pesa. Unataka msichana aaibike mbele ya watu?"

Akasimama na beberu pale mlangoni muda mrefu, mkono kwenye pembe. Nilimjua mume wangu. Alikuwa anapima miaka kumi na moja ya kula shingo. Agosti ilikuwa wiki mbili tu mbele. Mimi nilijitia kuchambua maharagwe, na ninawaambia sikuchambua hata moja.

"Tafuta kamba," akasema.

Jumamosi tulishuka Nyeri na lori la viazi. Dereva alisema mbuzi mwenye afya namna ile hawezi kurushwa nyuma na magunia, kwa hivyo beberu alikaa mbele, ametoa kichwa dirishani, na sisi wawili tukakaa juu ya viazi. Pale Kiganjo askari wa barabarani alimpigia saluti. Kama huniamini, muulize dereva, lakini alishakufa.

Watiri alipotuona kwenye ua wa Hasmukh, alishika mdomo.

"Baba! Huyu si mbuzi wako wa wazee?"

"Nyamaza," Gicheru akamwambia. "Ni wako."

Mtoto akaanza kulia, mimi nikaanza, na beberu naye, kwa kuwa hakupenda kuachwa nyuma. Kelele ikamtoa Hasmukh dukani, kalamu sikioni.

"Mzee, hapana! Mimi hapana taka damu kwa nyumba yangu. Mama yangu iko ndani, naomba Mungu."

"Nani amesema damu? Nimeleta mbuzi kwa wazee wa hapa."

"Mzee iko wapi hapa? Mimi naona watoto tu."

Ilikuwa kweli. Wazee wenyewe walitoka mkutanoni chumbani mmoja mmoja, vijana watano wembamba kama fito za ua. Mkubwa wao, mwenyekiti, aliitwa Peterson, nywele zimefugwa kama kichaka na kitana kimekwama ndani, suruali imepanuka chini ingefaa kufagilia ua. Gicheru akavua kofia. Mume wangu, aliyekuwa na umri wa kumzaa Peterson mara mbili, akamvulia kofia, akasema ameleta mbuzi wa kumuingiza binti yake.

"Lakini mzee," akasema Peterson, "kuingia kamati ni bure."

"Bure," Gicheru akarudia, kama mtu aliyetukanwa. "Ndio maana mnalala njaa."

Hapo vijana walimtazama beberu vizuri. Mtu aliyekula mkate na chai kwa wiki tatu akimwona mnyama kama yule, mambo ya katiba ya chama yanatoka kichwani. Peterson alisema labda, kwa heshima ya mila, kamati inaweza kupokea. Hasmukh akasema tupokelee mtoni. Akatupa chumvi na kiberiti bila kuombwa, kisha akauliza, "Na kodi?"

"Kodi inakuja nyuma ya mbuzi," Gicheru akajibu. Alijibu kama mtu anayejua. Hakujua chochote.

Tukateremka mto Chania. Gicheru alichuna kwa ustadi ule wake, ngozi ikatoka kama koti. Nyama ilipoanza kulia motoni, akasimama ghafla, kisu hewani. Alikuwa amekumbuka kwamba mwanamke haruhusiwi kuona nyama ya kiama ikichomwa, na mwenye mbuzi alikuwa mwanamke. Nadhani hakuna mzee tangu dunia iumbwe aliyepata shida hiyo. Alifikiri mpaka upande mmoja ukaungua.

"Watiri aone," akaamua mwishowe. "Yeye ni mzee. Mama Watiri ageuke."

Nikageuka. Kisha nikageuka tena. Mnataka kujua siri ambayo wazee wameficha wake zao miaka yote hiyo? Wanachoma vibaya. Ndiyo siri yenyewe, hakuna nyingine.

Wakati huo Kingori akafika na pikapu ya babake, viatu vinang'aa, amekuja kuchukua kiti kwa kuwa Jumamosi imefika. Alikuta watu wanakula. Alikuwa kijana mzuri, sitamsingizia. Alisalimu kila mtu, akasema kiti kinaweza kungoja kidogo, akachukua paja zima.

Gicheru alimpa Watiri mbavu kwanza, kwa mikono miwili. Wengine akawakatia. Yeye alipoketi, nilimwona amejiwekea shingo, kwa mazoea tu. Akala taratibu. Vijana walipoanza kulamba vidole, akasimama.

"Mwenyekiti. Wewe ulitoa mbuzi gani ukiingia?"

"Mimi nilichaguliwa kwa kura, mzee."

"Nimeuliza mbuzi."

"Sikutoa."

Akamuuliza wa pili, wa tatu, mpaka akawamaliza. Hakuna aliyetoa hata kuku.

"Na bado mmekula mbuzi ya kuingia." Alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Kwetu huyo anaitwa mwizi. Hapa mzee ni mmoja tu, ni huyu msichana. Nyinyi wengine ni wa kutafuta kuni." Akamgeukia Kingori, ambaye paja lilikuwa bado mdomoni. "Na wewe hata kwa kamati hauko. Mtu wa nje akila mbuzi ya kiama, analipa mara mbili."

Halafu Peterson akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitana kikatoka nywelani. Wenzake wakadakia: "Mtoto wa mbao, toa! Kingori, tapika au lipa!"

Watiri hakucheka. Watiri ni mtoto wangu, anajua mlango ukifunguka huingii ukichekacheka. Alifuta mikono kwa nyasi, akasimama kando ya babake.

"Mzee amesema mimi ndiye mzee peke yangu hapa. Kuna anayepinga?"

Nani angepinga, na mafuta yako kidevuni?

"Basi nasema hivi. Sitaki mbuzi zenu, sina pa kuzifuga. Lakini wanachama wetu wako mabenki wanalipwa, na kazi ya chama wametuachia sisi. Kila mwanachama mwenye mshahara wa likizo atoe kidogo kila mwezi, kilipe vyumba na chakula cha wanaokaa kwenye kamati. Kama si hivyo, mwaka kesho kamati yote itakuwa ni Kingori na ndugu zake."

"Mimi niko na dada tu," akasema Kingori.

"Basi na dada zako. Mnakubali?"

Wakainua mikono, mitano. Mmoja aliinua yote miwili, lakini huyo alikuwa akiomba mfupa. Peterson akaandika kwenye daftari palepale, karatasi ikaingia mafuta hadi upande wa pili.

Kingori alikuwa bado ameketi. Wakamtazama. Akamtazama Gicheru, akatazama mfupa mtupu mkononi mwake.

"Mara mbili, mzee?"

"Mara mbili."

"Basi nilipe chumba cha Watiri mwezi huu na mwezi ujao?"

"Hiyo ni sawa na mbuzi," Gicheru akasema, na kidogo nianguke. Pesa, sawa na mbuzi! Maneno hayo yangetoka kinywani mwangu tangu asubuhi, angelala njaa wiki nzima kwa hasira.

Tukapanda mjini, Kingori akamhesabia Hasmukh noti juu ya kaunta, na Watiri akabaki na kiti chake likizo yote. Alifundisha hesabu mpaka sauti ikakauka. Michango ya mabenki ilikuja kwa kuchelewa na kwa manung'uniko, lakini ilikuja, na waliokaa kwenye kamati mwaka uliofuata, wawili kati yao walikuwa watoto wa wachuma chai.

Gicheru naye alirudi Naro Moru na kamba mkononi. Agosti wazee wakamuita kama kawaida, aje achune. Akaenda. Mutahi akamuuliza lile beberu alilojisifia liko wapi.

"Limeliwa na kiama ya chuo kikuu," akasema, tena kwa maringo.

"Nani alilitoa?"

"Watiri."

Wazee wakanong'ona hadi jua likazama. Wakamtoza faini: mbuzi mmoja, kwa kosa la kuonyesha mwanamke nyama ya kiama. Mbuzi juu ya mbuzi aliyekwisha kuliwa! Gicheru aliwaambia hana, akachukua shingo yake akaja nyumbani. Faini ile hakuilipa mwaka huo wala mingine, na ngazi ya pili hakuipanda. Alichunia watu mpaka miguu ikakataa.

Alifariki mwaka wa themanini na tisa. Wiki ya pili baada ya mazishi, nikaona Mutahi anaingia langoni na mzee mwingine, wanakohoa kohoa kile kikohozi cha watu wanaodai. Nikawapa chai. Wakasema deni la kiama halifi, mbuzi lazima atoke. Nikawaambia mimi ni mwanamke, mambo ya kiama siruhusiwi kuyasikia, lakini yuko mzee mmoja ndani ya nyumba, nimuite.

Watiri akatoka jikoni anafuta mikono. Siku hizo alikuwa mwalimu mkuu huko Wamagana. Akawasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kichwa ameinamisha. Kisha akawaambia waandike barua, waeleze deni, waambatanishe risiti, na kamati itakapokaa italijadili.